Wageni, Tuktuk na Mji wa Kale

Imekuwa ni jambo la kila siku katika kisiwa hiki cha Mombasa kumwona mgeni amekaa katika tuktuk peke yake, au pamoja na mkewe na watoto, akitembezwa mji kwa muda wa saa tatu au nne. Mgeni huyu hakupanda ili afike mahali. Ameikodi tuktuk nzima, pamoja na dereva na ulimi wa dereva, ili aonyeshwe kisiwa. Wengine wametoka Ulaya au Marekani, lakini wengi ni wananchi wenzetu walioteremka garimoshi la kutoka Nairobi pale Miritini, ambao wameisikia Mombasa tangu utotoni na sasa wanataka kuiona kwa macho yao.

Desturi hii twaipokea kwa mikono miwili. Kisiwa chetu ni kidogo, kilomita za mraba 14 hivi tu, na sehemu zake zenye mambo ya kutazamwa ni zile ambazo basi kubwa haliwezi kuzipita. Mtu anayetembezwa ndani ya basi lenye vioo vilivyofungwa hausikii mji, wala haupumui. Katika tuktuk husikia adhana, hunusa kahawa ya muuzaji aliyepita na dele lake, husimamishwa akaonja viazi vya karai, na akisalimiwa na watoto huweza kuitikia. Fedha anazozitoa, tena, huingia mkononi mwa kijana wa Majengo au wa Kisauni siku iyo hiyo, naye jioni hununua unga dukani kwa jirani yake. Ni mapato machache ya utalii yanayopita njia fupi namna hiyo.

Chombo chenyewe si cha asili yetu. Kampuni ya Piaggio ya Italia ilianza kuunda gari lake la magurudumu matatu mwaka 1948, likizaliwa kutokana na pikipiki yake ya Vespa, na Wahindi wakaliendeleza kwa namna yao hata jina la kampuni yao moja likawa ndilo jina la chombo kwa ndugu zetu wa Tanzania, ambao huita bajaji. Kwetu tuktuk ilikuja kama usafiri wa mnyonge: mama na magunia yake akitoka sokoni Kongowea, mgonjwa akipelekwa hospitali, mwanafunzi aliyechelewa. Kwamba leo imekuwa pia gari la kumtembeza mgeni ni kazi ya madereva wenyewe. Hapakuwa na waraka wa wizara uliowaagiza. Waliona haja, wakaijibu.

Lakini jambo lililoanza lenyewe haliwezi kuachwa liende lenyewe siku zote, na hapa ndipo tunapotaka kusema na wakuu wa Kaunti, na wananchi wa kisiwani pia.

Tuifuate safari yenyewe kama inavyofanywa. Kwa kawaida huanza chini ya Mapembe katika barabara ya Moi, iliyokuwa ikiitwa Kilindini zamani. Mgeni hupigwa picha hapo, na si ajabu akaambiwa kwamba hizo ni pembe za ndovu kwelikweli. Ni mabati ya alumini, yaliyosimamishwa miaka ya 1950 kuwalaki wageni wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, na ukweli huo una ladha yake kuliko uongo, maana waonyesha jinsi mkoloni alivyopenda kujipambia mji wa wenyewe. Kisha huja Marikiti na viungo vyake, kisha Ngome ya Yesu.

Hapo Ngomeni ndipo masimulizi yanapopotea zaidi. Mgeni mmoja huambiwa kwamba Ngome ilijengwa na Waarabu. Mwingine huambiwa kwamba ilijengwa kwa ajili ya kuwafungia watumwa, na huonyeshwa njia iliyochongwa katika mwamba kuelekea baharini huku akisimuliwa hadithi ya kumliza. Ukweli wajulikana. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya fundi Mtaliana, Giovanni Battista Cairati. Ilizingirwa na majeshi ya Oman tangu mwaka 1696 hata ikaanguka mwaka 1698, baada ya watu waliokuwa ndani kumalizwa na maradhi na njaa zaidi kuliko risasi. Na manowari ya Kireno iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama mbele yake mwaka 1697. Waingereza wakaifanya jela tangu mwaka 1895 hadi 1958. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hayo yote hayatoshi kumshangaza mgeni, hata iwe lazima kuyatungia mengine?

Jambo la kusikitisha ni kwamba hadithi ya utumwa inayobandikwa pale isipo mahali pake huachwa pale ilipo. Tuktuk iyo hiyo, ikivuka daraja la Nyali kumpeleka mgeni hotelini, hupita Kengeleni bila ya dereva kufungua kinywa. Kituo kile chaitwa hivyo kwa sababu ya kengele ya Frere Town, mji ulioanzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875 ili kuwaweka watumwa waliookolewa katika majahazi. Kengele hiyo iligongwa kuwatahadharisha watu wale wasije wakanaswa tena. Wajukuu wa watu hao wangali miongoni mwetu. Makondakta wa matatu hulitamka jina la Kengeleni mara elfu kwa siku, na mgeni aliyelipa ili aelezwe mji hulipita kama jina la kituo cha petroli.

Kadhalika na Msikiti wa Mandhry katika Mji wa Kale. Kwa kauli iliyopokewa, msikiti huo ulijengwa mwaka 1570, yaani kabla ya jiwe la kwanza la Ngome kuwekwa. Mgeni anayeonyeshwa Ngome kwanza na msikiti baadaye, bila ya kuelezwa ni upi uliotangulia, huondoka akidhani kwamba mji wa Mombasa uliletwa na Mreno katika jahazi. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akawakuta watu wa dini wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Mreno alikuja miaka zaidi ya mia na sitini baadaye, na mwaka 1505 akautia mji moto. Hilo ni somo la dakika mbili, nalo lingebadilisha kila kitu anachokiona mgeni tangu hapo hadi mwisho wa safari.

Tusieleweke kwamba twawadharau madereva. Wako miongoni mwao wanaojua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote: nyumba ipi ilikuwa ya nani, mlango upi ulichongwa na fundi wa mtaa gani, kwa nini watu hupeleka ubani na marashi kwenye mnara wa Mbaraki. Mzee mmoja anayeendesha tuktuk akiwa na elimu ya namna hiyo ana thamani kuliko waongozaji kumi waliokariri karatasi. Kosa ni kwamba hapana anayemtofautisha mzee huyo na kijana aliyeingia mjini mwezi uliopita, ambaye husema lolote linalomjia kinywani ili bahashishi iongezeke. Mgeni hana namna ya kujua ni yupi aliyempata.

Na dereva mwenyewe, je, ni nani mbele ya sheria? Kwa kubeba abiria yuko chini ya mamlaka ya taifa ya usafiri iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Akianza kueleza historia, amegusa kazi ya kuongoza watalii, ambayo iko chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 na leseni zake nyingine. Akisimamisha chombo mbele ya Ngome, yuko mikononi mwa askari wa Kaunti. Hivyo mtu mmoja, katika safari moja ya saa tatu, huweza kuwa na haki kwa mkuu mmoja na kuwa na hatia kwa mwingine, bila ya kuwa ametenda uovu wowote. Kila mtu ajua hali kama hiyo humzalishia nani faida. Humzalishia yule anayemsimamisha njiani akamwambia wazungumze kando.

Kisha kuna madalali. Mgeni akiomba tuktuk katika baadhi ya hoteli, bei anayotajiwa si bei anayopata dereva. Katikati yake pamekaa mtu ambaye hakushika usukani wala hakusimulia neno. Dereva, ambaye mara nyingi chombo si chake na kila jioni hana budi kumpelekea mwenyewe fedha zake, hulazimika ama kumharakisha mgeni ili apate safari nyingine, ama kumpeleka katika duka la vinyago ambalo litamlipa kwa kila mteja. Mgeni hulalamika kwamba amezungushwa madukani. Dereva hulalamika kwamba amenyonywa. Wote wawili wasema kweli.

Hata hivyo, kuna upande wa tatu ambao katika mazungumzo ya utalii husahauliwa, nao ni wenye mji. Mji wa Kale si jumba la makumbusho. Watu wanakaa humo. Wanapika, wanaoa, wanazika. Vichochoro vyake vilijengwa kwa kipimo cha binadamu na punda, na baraza zake ni sebule za wenyewe ingawa ziko nje. Tuktuk inapoingia katika kichochoro hicho kwa mshindo wake, watoto wanaotoka chuoni hujibana ukutani, na mama aliyekaa mlangoni pake akichambua mchele hujikuta amepigwa picha na mtu asiyemjua, ambaye amekwisha kwenda kabla ya kuambiwa la. Siku ya Ijumaa, wakati wa sala, jambo hilo huwa ni utovu wa adabu mtupu. Mji huu ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, na Makumbusho ya Taifa yana ofisi ya uhifadhi humo humo. Uhifadhi wa milango na roshani bila ya uhifadhi wa utulivu wa wanaokaa nyuma yake ni kazi nusu.

Yako maoni miongoni mwa baadhi ya wazee kwamba tuktuk za wageni zipigwe marufuku kabisa kisiwani. Hatukubaliani nayo. Marufuku hayatamzuia mgeni kuja. Yatamrudisha katika basi la kampuni kubwa, na yatamwondolea kijana wa Mombasa riziki aliyoibuni kwa akili yake. Wako wengine, hasa katika maofisi, wanaovutiwa na wazo la kumpa mwekezaji mmoja kibali alete tuktuk mpya za umeme, zenye rangi moja na sare, ziwe ndizo pekee za kutembeza wageni. Umeme twautaka, kwa kuwa hauna moshi wala kelele. Mwekezaji pekee hatumtaki. Siku atakapopewa njia hiyo, dereva atageuka kuwa kibarua katika safari aliyoianzisha mwenyewe, na maelezo ya mji wetu yatatungwa mahali ambapo Kengeleni haijulikani.

Yafaa tutazame yaliyowafika wengine. Katika Lisbon, mji mkuu wa hao hao waliotujengea Ngome, tuktuk za watalii ziliingia kwa wingi katika mitaa ya zamani yenye vilima na njia nyembamba, hata wenyeji wakapiga kelele kwamba hawalali wala hawapiti. Baraza la mji halikuchukua hatua hadi mwaka 2015, lilipozifungia baadhi ya mitaa, likazipangia saa za kazi na kutaka zigeukie umeme. Walisubiri jambo likawa kero ndipo wakalitungia kanuni, na ugomvi juu ya idadi yake uliendelea miaka mingi baadaye. Sisi bado hatujafika huko. Idadi ya tuktuk zinazofanya kazi hii maalumu ingali yaweza kuhesabiwa na kupangwa bila ya kumvunjia mtu kazi.

Wala hapana haja ya kusubiri Nairobi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeuacha uongozi wa sera ya utalii kwa serikali ya taifa, lakini imezipa kaunti utalii wa mahali pao, na vilevile usafiri wa kaunti, barabara zake na maegesho. Mambo mawili yanayokutana ndani ya tuktuk ya mgeni yamo yote katika mkono wa Kaunti. Kinachotakiwa ni kibali kimoja kidogo, kisicho cha gharama, kinachomtambua dereva wa tuktuk kuwa ni mtembezaji wa wageni ndani ya mipaka ya mji, na makubaliano na zile mamlaka mbili za taifa kwamba mwenye kibali hicho hatasumbuliwa kwa leseni asizoweza kuzipata. Kibali kiwe cha mtu, si cha chombo, ili mwenye tuktuk kumi asikusanye vibali kumi akavikodisha.

Kabla ya kukipata, dereva apite katika mafunzo. Hatusemi mafunzo ya miaka. Majuma machache yatosha, na mahali pa kuyafanyia ni Ngomeni penyewe, ambapo wataalamu wapo na vitu vyenyewe vipo mbele ya macho. Wazee wa Mji wa Kale waitwe wafundishe, walipwe kwa hilo. Na mtihani uwe wa kusema, kwa Kiswahili. Twalisisitiza jambo hili kwa sababu tumeona mara nyingi kazi za watu wetu zikiwekewa kizingiti cha Kiingereza ambacho hakihusiani na kazi yenyewe. Dereva anayeweza kukieleza kisa cha Kengeleni vizuri kwa Kiswahili ataweza kukieleza kwa Kiingereza chake, na Mjerumani atamwelewa. Na huyo mgeni wa kutoka Nakuru au Kisii hahitaji Kiingereza kamwe.

Bei nayo iandikwe. Dereva na Kaunti wakubaliane juu ya malipo ya saa moja, na ya mzunguko mzima wa kisiwa, kisha yaandikwe kwa rangi nyuma ya kiti cha dereva ambapo abiria hawezi kukosa kuyasoma. Mgeni mwenye ukarimu ataongeza bahashishi kwa hiari yake. Dalali atakuwa hana la kuuza.

Twaona pia kwamba madereva wenyewe hawana budi kujiunga, na kujiunga huko kuwe kwa ushirika wa kweli, si kwa chama cha kukusanya michango na kumchagua mwenyekiti. Hapa Changamwe wachongaji wa Kikamba wamekuwa na chama chao cha ushirika tangu mwaka 1963. Huchonga, huuza mahali pamoja, na mteja hujua ni kinyago cha nani anachokinunua. Madereva wakiwa na chama cha namna hiyo wataweza kukopa, na mkopo huo ndio utakaoleta tuktuk za umeme bila ya kumleta bwana mpya. Wataweza pia kusimama mlangoni pa hoteli na pale bandarini Kilindini kama wafanyabiashara wenye anwani, badala ya kunong'ona na bawabu.

Linabaki suala la vichochoro, nalo halina njia ya kati. Tuktuk za wageni zisiingie ndani ya Mji wa Kale. Zisimame nje, mbele ya Ngome, mahali patakapochorwa mistari na kutiwa kivuli, na kutoka hapo mgeni ateremke atembee kwa miguu, kuteremka Ndia Kuu, kupita Mandhry, hadi kwenye bandari ya majahazi, akiongozwa na mwenyeji wa mtaa ambaye naye apate fungu lake katika bei iliyoandikwa. Tuktuk imsubiri, au imzungukie upande wa pili. Tunajua kwamba madereva hawatalipenda jambo hili mara moja, kwa kuwa dakika za kusubiri ni dakika za hasara. Ndiyo sababu malipo yao yahesabiwe kwa saa. Mgonjwa, mzee na mkaazi wa Mji wa Kale anayerudi kwake na mizigo wasizuiwe. Twazungumzia matembezi, si usafiri.

Huenda tukaambiwa kwamba mambo haya yahitaji kamati, na kamati yahitaji bajeti, na bajeti yahitaji mwaka. Mwaka 2018 Kaunti iliamua kwamba nyumba za katikati ya mji zipakwe rangi nyeupe na buluu, na kabla ya muda mrefu wenye nyumba walikuwa juu ya ngazi na brashi zao. Iwapo kuta ziliweza kushughulikiwa kwa haraka hiyo, watu wanaopita mbele ya kuta hizo waweza pia.

Msimu wa meli za kitalii hukaribia kila kaskazi inapoanza kuvuma. Abiria wa meli hizo huwa na saa chache tu za kukanyaga nchi kavu, na safari ya saa tatu ya tuktuk ndiyo hasa inayowafaa. Twaziomba idara za Kaunti za utalii na uchukuzi zikutane na madereva, wazee wa Mji wa Kale na Makumbusho katika ukumbi mmoja kabla ya kaskazi ijayo, na mahali pa kuegesha mbele ya Ngome pachorwe kwanza, kwa kuwa rangi ya mistari hiyo haihitaji sheria yoyote mpya.